Wiki Tatu za Marudio

Jina la Mzee Jalada alipewa mahakamani, na hakulikataa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa mbele ya meza ya hakimu, hatua mbili upande wa kulia, akiandika kila lililosemwa. Halikupotea faili ambalo yeye hakulipata kabla ya saa ya chai. Mawakili vijana walimwogopa. Ukileta hati yenye kichwa kilichokosewa, aliirudisha kwa ncha ya kidole kama mtu anayerudisha sahani chafu. Alistaafu akiwa na suti mbili, redio aliyozawadiwa na wenzake, na imani moja: kwamba yeye na sheria walikuwa wanajuana vizuri.

Kwa hiyo binti yake wa mwisho alipochaguliwa kusomea sheria, habari zilifika kona ya mtaa kabla yake. Tangu siku ile hakuitwa tena jina lake. Fundi viatu alimwita Wakili. Mwenye duka alimwita Wakili. Hata mama yake akimtuma sabuni alisema, "Wakili, fanya haraka, nguo zinaningoja." Mwanzoni msichana alicheka. Mwaka ulipokwisha alikuwa anaitika tu.

Matokeo ya mwaka wa kwanza yalipotoka, alimfuata baba yake barazani, simu mkononi.

"Baba, kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Umesimama, Baba."

Mzee akajitazama, akaona kweli amesimama, akakaa. Masomo yote alikuwa amepita, isipokuwa moja. Sheria ya mikataba: thelathini na moja. Alama ya kupita ilikuwa arobaini. Chini yake kulikuwa na mstari ambao mzee aliusoma mara tatu, kwa sababu alizoea kusoma mara tatu kila kitu chenye mhuri. Mwanafunzi atafanya mtihani wa marudio baada ya wiki tatu. Akishindwa marudio, anaondolewa chuoni.

"Anaondolewa," mzee alisema.

"Ndiyo."

"Na arudi lini?"

"Harudi, Baba. Ukiondolewa umeondolewa."

Mama alitokeza kutoka jikoni na mwiko. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akarudi zake bila kuuliza. Alikuwa ameishi na mwanamume huyu muda mrefu vya kutosha kujua kwamba sasa atatoa mpango.

Na mpango aliutoa. Mzee Jalada hakuzaliwa karani. Alianza kazi pale mahakamani kwa kufagia na kupeleka chai, akaingia shule ya jioni ya watu wazima, na kila kitabu alichopewa alikinakili chote kwa mkono, mara tatu, halafu akakisema kwa kichwa akitembea kwenda kazini. Waliokuwa wanapishana naye njiani walidhani amerukwa na akili. Siku ya mtihani alitapika kitabu chote kwenye karatasi, akaongoza darasa la watu arobaini. Hakuwa na sababu ya kutilia shaka njia hiyo. Ilikuwa imemtoa kwenye ufagio ikamweka kwenye kiti.

"Wiki tatu zinatosha," alimwambia binti yake. "Kitabu kina vifungu vingapi?"

"Vingi."

"Vingi si idadi."

Wakahesabu. Kesho yake asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, walikuwa mezani. Mzee alikuwa amepiga mistari kwenye karatasi kubwa: asubuhi kunakili, saa nne kukariri, mchana kesi, jioni kurudia ya asubuhi. Alikuwa amevaa shati la kazi na kalamu mfukoni. Mama alipoliona shati hilo alishusha pumzi. Tangu astaafu, mzee hakuwahi kuamka na uso ule.

Siku za kwanza zilikwenda. Binti alikuwa na kumbukumbu nzuri, ya baba yake. Alisema kifungu, mzee akafuatilia kwa kidole kwenye kitabu, na akiruka neno mzee aligonga meza.

"Umeruka 'au'."

"Pole. 'Au kwa njia nyingine yoyote.'"

"Usiseme pole. Sema 'au'."

Tatizo lilikuwa saa kumi. Kila siku saa kumi Wakili alikunja daftari, akaaga kwenda kwenye kikundi. Walikuwa wanne, wote wenye marudio, na walikutana kwenye kibanda cha kunyolea cha mmoja wao, mtu mzima mwenye watoto wawili aliyeamua kusomea sheria akiwa na mvi tayari. Alikuwa ananyoa vichwa kulisha familia yake, na wenzake walimwita Kinyozi hata darasani.

Siku ya tano mzee alimfuata binti yake kumpelekea mwavuli. Kabla hajafika mlangoni alisikia vicheko. Akachungulia. Kinyozi alikuwa amekalia kiti kirefu, taulo jeupe kichwani kama nywele za bandia za hakimu wa zamani. Msichana mmoja alikuwa amepiga magoti akijifanya muuza mitumba aliyedhulumiwa. Na binti yake, binti yake mwenyewe, alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni, akipaza sauti: "Mheshimiwa, mteja wangu hakusema ananunua! Alisema atafikiria! Kufikiria ni kukubali?"

"Inategemea anafikiria kwa sauti gani!" Kinyozi alijibu, wakaangua kicheko wote.

"Hii ndiyo mikataba?" mzee aliuliza mlangoni.

Taulo likashuka. "Shikamoo, mzee! Karibu, keti. Kiti hiki leo hakilipiwi."

"Marahaba. Mnafanya nini?"

"Tunamhukumu mtu, mzee."

"Nani amekupa uhakimu?"

"Taulo hili."

Wenzake walijikaza wasicheke, wakashindwa. Mzee hakucheka. Mahali alipofanya kazi, mtu akicheka hivyo alitolewa nje. Alimpa binti yake mwavuli, wakaanza kurudi nyumbani, wakavuka barabara.

"Wale wanapiga soga."

"Hapana, Baba. Tunafanya maswali ya mitihani iliyopita. Mmoja anatetea huku, mwingine kule."

"Maswali yaliyopita si yameshaulizwa? Watauliza tena yale yale?"

"Si yale yale, lakini..."

"Basi ya nini? Mwanangu, una siku kumi na sita. Wale wana kicheko, wewe una mtihani."

Angeweza kubishana. Mdomo ulifunguka, mzee aliuona ukifunguka. Halafu ukafungwa. Kesho yake saa kumi binti hakuaga, na mzee alijaza nafasi ile kwenye ratiba kwa mwandiko wake mzuri: *kesi, marudio ya pili*.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo kiasi kwamba baadaye mzee alishangaa jinsi lilivyompita. Siku moja wakinywa chai Wakili alisema mhadhiri wa mikataba amewaita wote walioshindwa, mmoja mmoja, awaonyeshe karatasi zao na mahali walipokosea.

"Saa ngapi?"

"Jumanne na Alhamisi, saa nne."

"Saa nne tuna vifungu."

"Ni nusu saa tu, Baba."

"Alama si tumeziona? Ukaone nini zaidi? Na ukishaingia ofisini mwa watu na macho mekundu, watasema mtoto wa Jalada anaomba alama. Jina hili halijawahi kuomba."

Binti alizungusha kikombe kwenye kisahani. "Sawa, Baba," alisema.

Wiki ya pili Kinyozi alikuja mwenyewe, amevua aproni, amenyoa ndevu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kama watu wanaokaa wakijua hawatakaribishwa chakula.

"Mzee, nimekuja kumwomba Wakili arudi. Tunamhitaji."

"Mnamhitaji kwa lipi?"

"Nitakuambia kweli. Yeye anajua vifungu, sisi hatuvijui. Sisi tunajua kubishana, yeye anaogopa. Tukikaa pamoja tunapita wote."

"Yaani mnataka kumtumia."

"Tunatumiana, mzee. Ndiyo kusoma."

"Wewe nenda ukanyoe," mzee alisema, bila ukali. "Kila mtu na kazi yake."

Kinyozi alisimama, akamtazama Wakili aliyekuwa mlangoni na daftari kifuani, akatikisa kichwa polepole. "Tukutane chumba cha mtihani basi, mama," alimwambia, akaondoka.

Jioni ile mama alikuwa anakunja nguo. "Mtoto hacheki siku hizi," alisema.

"Atacheka akifaulu."

"Leo nimemsikia anasema vifungu bafuni. Maji yanatiririka, hajajimwagia hata kopo moja, anasema vifungu."

"Vizuri."

"Hata kasuku angekuwa ameshahitimu kwenye nyumba hii."

"Mke wangu, hii ndiyo njia iliyokupatia mume mwenye kazi."

Mama alikunja shati moja mara mbili, akaliweka. Hilo lilikuwa kweli.

Mpaka wiki ya tatu inakwisha, Wakili alikuwa anasema kitabu chote bila kugongewa meza hata mara moja. Aliweza kuanzia popote. Mzee alifungua ukurasa akiwa amefumba macho, akataja namba, na binti akaendelea kama redio iliyowashwa katikati ya habari. Alikuwa amekonda. Lakini aliisema yote, na siku ya mwisho mzee alifunga kitabu kwa mikono miwili, akasema, "Mimi kwa umri wako sikuwa hivi." Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kumpa mtoto, na wote wawili walilijua hilo.

Asubuhi ya mtihani alivaa suti. Walikwenda pamoja, akamwona anaingia ukumbini na wenzake, akamwona Kinyozi akimpungia mkono kwa mbali. Mlango ukafungwa saa tatu kamili. Mtihani ulikuwa wa saa tatu. Mzee hakuwa mtu wa kukaa bure. Alisoma matangazo yote ya ubaoni, kisha milango, na kwenye mlango mmoja wa ghorofa ya juu akakuta jina la somo: Mikataba. Akagonga. Alitaka tu kusalimia, ajulikane kwamba mtoto ana wazazi.

Mhadhiri alikuwa mwanamke mdogo kuliko kifungua mimba wa mzee, miwani imesukumwa juu ya nywele. Alisimama alipoona suti na mvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mimi ni baba wa mmoja wa wanafunzi wako walio ndani sasa hivi." Akamtaja. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alitumia jina lake halisi.

Uso wa mhadhiri ulibadilika. "Nilimsubiri wiki tatu," alisema. "Wenzake wote walikuja."

"Alikuwa anasoma nyumbani. Nilimsimamia mwenyewe." Mzee alijinyoosha. "Miaka thelathini na mmoja nimefanya kazi mahakamani. Muulize kifungu chochote. Niulize mimi."

Alisema hivyo kwa utani, lakini mhadhiri hakuchukulia utani. Alifungua droo, akatoa karatasi ya mtihani wa mwaka juzi, akamsogezea kiti.

"Karatasi yake siwezi kukuonyesha yeye akiwa hayupo. Hili ni swali la zamani tu. Soma, mzee."

Mzee alivaa miwani. Fundi cherehani alimwambia mpishi: nitakuuzia jokofu langu, nakupa mpaka Ijumaa ufikirie. Jumatano fundi akaliuza jokofu kwa mtu mwingine. Hakumwambia mpishi, lakini mpishi, akipita, aliliona linapakiwa kwenye gari. Alhamisi mpishi akatuma ujumbe: nimekubali. Mpishi amekuja kwako kutaka ushauri. Mshauri.

Mzee alitabasamu. Hii ilikuwa sura ya pili, aliijua kama njia ya kwenda msalani kwake. Akakohoa, akaanza. Alieleza pendekezo ni nini, akaeleza kukubali ni nini, akaeleza jinsi pendekezo linavyobatilishwa na lini, na taarifa ya kubatilisha inavyopaswa kumfikia mtu, na kesi mbili, na mwaka wa kila kesi. Hakuruka hata "au". Alipomaliza alivua miwani.

"Vizuri sana," mhadhiri alisema. "Yote ni sahihi. Sasa, mpishi anashinda au anashindwa?"

Mzee alifungua mdomo.

Alikuwa anaijua dakika hii. Alikuwa ameiishi mara elfu nyingi: mawakili wamemaliza kusema, ukumbi umetulia, na yeye ameinama, kalamu imegusa karatasi, anasubiri. Halafu sauti inatoka juu yake ikisema kwamba mahakama inaona hivi, na yeye anaandika. Safari hii alisubiri, na hapakuwa na sauti. Alitazama karatasi. Mpishi aliliona jokofu linapakiwa. Je, kuona ni kuambiwa? Kwenye kitabu hapakuwa na jokofu. Alirudi nyuma kichwani kifungu kwa kifungu kama mtu anayetafuta funguo mifukoni, na kila mfuko ulikuwa umejaa, na funguo hazikuwemo.

"Inategemea," alisema hatimaye.

"Inategemea nini?"

Hakujua inategemea nini.

Mhadhiri alishusha sauti, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Sikupaswa kukuambia hili, mzee. Lakini binti yako alijaza kurasa tisa. Sijawahi kuona mwanafunzi anayejua sheria nyingi hivyo akashindwa. Aliandika kila kitu, isipokuwa jibu. Nilitaka aje nimwonyeshe hilo tu. Ni jambo la nusu saa, na baada ya hapo ni mazoezi: unashika sheria, unaiweka juu ya yaliyotokea, unasema nani ana haki na kwa nini. Kubishana na wenzake kungemsaidia zaidi ya kitabu."

Mzee aliangalia saa ya ukutani. Saa tatu na dakika hamsini.

"Naweza kumwambia?"

"Mzee..."

"Neno moja tu. Nitamwambia 'jibu'. Basi."

"Ukifanya hivyo watamfutia mtihani."

Alishuka ngazi akishika ukuta. Mlangoni pa ukumbi palikuwa na msimamizi mwenye koti refu, mikono nyuma.

"Mzee wangu, hapa haingii hata upepo."

"Siingii. Naangalia."

Mlango ulikuwa na kioo chembamba kirefu. Alisogea. Watu walikuwa wengi, lakini mtu humwona wa kwake. Alikuwa safu ya tatu, mgongo umenyooka, na alikuwa anaandika. Mkono ulikwenda kasi, bila kusimama, bila kufuta, mstari baada ya mstari, mwandiko aliomfundisha yeye mwenyewe alipokuwa na miaka sita. Safu mbili nyuma yake Kinyozi alikuwa hajaandika kitu. Ameshika tama, anaangalia dari, midomo inacheza, anabishana na mtu asiyeonekana. Mzee angetoa chochote binti yake aweke kalamu chini aangalie dari.

Msichana aliomba karatasi ya ziada. Alipoinua mkono macho yake yakaenda mlangoni, akamwona baba yake. Akatabasamu kidogo. Mzee hakujua afanye nini na uso wake. Kila alichofikiria kilikuwa kosa: akitikisa kichwa atamtia hofu, akionyesha kwa mkono atafutiwa mtihani, akiondoka atadhani kuna msiba. Kwa hiyo akaitikia kwa kichwa, mara mbili, kama alivyofanya wiki tatu nzima kila kifungu kilipokuwa sahihi. Binti akainama akaendelea, kwa kasi zaidi.

"Mwanao?" msimamizi aliuliza.

"Wa mwisho."

"Anajua kazi. Ona anavyoshuka."

"Ndiyo," Mzee Jalada alisema. "Anashuka."

Saa sita mlango ulifunguliwa. Wakili alitoka na vidole vyenye wino, wakaenda kukaa kwenye ukuta mfupi karibu na maegesho. Mzee alikuwa ameandaa maneno tangu saa nne. Yote yalimkimbia.

"Swali la kwanza lilikuwa nini?" aliuliza.

"Mtu ameahidi kupaka nyumba rangi."

"Na ulimwambia nani ana haki?"

Binti alimtazama muda mrefu. Alikuwa ameelewa kwamba baba yake hakuwa mtu wa kuuliza swali hilo, na kwamba kuna mtu amemfundisha kuliuliza.

"Umemwona mhadhiri," alisema.

"Nimemwona."

"Nilijua, Baba. Tangu kwa Kinyozi nilijua mtihani unataka nini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unaamka kabla ya jogoo. Ulikuwa umevaa lile shati." Alifuta wino kwenye sketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nilijiambia nikifika mle ndani nitafanya kama tulivyofanya kwenye kikundi. Nikaanza kwa kifungu kimoja tu, ili nipate pa kuanzia. Baada ya hapo mkono ukaenda wenyewe. Nilikuwa najisikia kabisa, kichwani nasema 'sasa jibu, sasa jibu', na mkono unaandika 'au kwa njia nyingine yoyote'. Nikakuona mlangoni. Ukaitikia. Nikasema, labda Baba ndiye anajua."

Watu walipita wakicheka na kulaumu maswali. Kinyozi alikuja mbio akipiga makofi, alipowaona walivyokaa akapunguza mwendo, akapita upande wa pili kama mtu aliyekumbuka kitu.

Matokeo yalitoka baada ya siku kumi na tisa. Thelathini na nne.

Rufaa iliruhusiwa ndani ya siku saba. Mama alisema waiache, mtoto apumzike, watafute la kufanya. Mzee hakusikia. Siku ya saba, mchana, alikaa kwenye meza ile ile na karatasi nyeupe isiyo na mistari. Kichwa cha barua kilimtoka bila kufikiri: anwani kulia, kumbukumbu namba kushoto, tarehe, na katikati, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari kwa rula, *OMBI LA KUFIKIRIWA UPYA*. Chini yake: *Sababu za rufaa ni kama ifuatavyo.* Kisha namba moja, na nukta.

Alikaa na nukta ile muda mrefu kuliko alivyokaa na kitu chochote maishani. Aliandika barua za namna hii kwa ajili ya watu wengi, wajane, wapangaji, walinzi waliofukuzwa kazi, na kila mmoja alikuja na sababu zake mdomoni. Yeye kazi yake ilikuwa kuzipanga. Mwishowe akaandika: *Kwamba mwanafunzi alizuiwa na baba yake kwenda kwenye ofisi ya mhadhiri na kwenye kikundi cha kujisomea.* Akaandika mbili: *Kwamba baba huyo alikuwa na nia njema.* Akamwita.

Wakili alisimama nyuma ya kiti, akasoma juu ya bega lake. Alikuwa amesuka nywele upya, siku hizi akiwa hana la kufanya.

"Baba, hii ya kwanza haisimami."

"Ni kweli tupu!"

"Ni kweli, lakini haisimami. Kanuni ya rufaa inataka moja ya mambo matatu: ugonjwa wenye cheti cha daktari, msiba wa mtu wa karibu, au kosa la usahihishaji." Alivuta kiti, akakaa. "Sasa tuangalie yaliyotokea. Kuumwa sikuumwa, nilikuwa mzima, ulinipa chai kila asubuhi. Aliyekufa hayupo. Karatasi imesahihishwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, na wamepata alama ile ile. Na wewe, Baba, si ugonjwa, si msiba, na si kosa la usahihishaji."

"Lakini nilikuzuia."

"Ulinishauri. Mimi ni mtu mzima, mlango haukufungwa, ningeweza kwenda. Kushauriwa vibaya si kuzuiwa. Upande wa pili watasema hivyo, na watakuwa sahihi. Nia njema ndiyo kabisa, haimo popote kwenye kanuni. Kwa hiyo rufaa inashindwa."

Mzee aligeuka akamtazama. Alikuwa amesema yote kwa pumzi moja, bila sauti kutetemeka, vidole vimegonga meza mara moja tu mwishoni. Hakutaja namba ya kifungu hata kimoja. Alikuwa ameshika sheria, ameiweka juu ya yaliyotokea, amesema nani ana haki na kwa nini.

Binti naye alikuwa amegundua. Mzee aliliona hilo usoni mwake, lilipita kama kivuli cha ndege juu ya ua, kisha halikuwepo tena. Nje mwenye duka alikuwa anamwita mtu, akisema chenji yako umesahau.

"Ofisi inafungwa saa ngapi?" mzee aliuliza.

"Saa kumi."

Ilikuwa saa nane na nusu. Alichukua rula akaiweka chini ya mstari ambao ulikuwa umeshapigwa, akaiondoa.

"Tuipeleke?"

"Itashindwa, Baba. Nimekuambia."

"Nimesikia itashindwa. Nakuuliza kama tuipeleke."

Binti yake aliitazama barua, herufi zake kubwa, nukta zake, sababu zake mbili. Halafu akainuka akaenda chumbani kutafuta viatu.